Moyo Uliobonyezwa: Kwa Nini Tunahifadhi Bidhaa za Mtandaoni Bila Kuzinunua

Mlaji anayefungua simu yake usiku, baada ya shughuli za siku kwisha, mara nyingi hukutana na orodha asiyoikumbuka vizuri. Ndani yake mna viatu alivyovipenda wakati wa mfungo wa Ramadhani, jokofu dogo, gauni la harusi ya ndugu ambayo ilikwisha kufanyika, na vipuri vya pikipiki aliyokwisha kuiuza. Kwa kila kimoja alibonyeza alama ya moyo, akakihifadhi, kisha hakukinunua. Bei za bidhaa hizo zilikuwa wazi tangu siku ya kwanza. Hapakuwa na mnada, wala mtu wa kushindana naye, wala siku ya mwisho. Alichotakiwa kufanya ni kulipa au kuacha. Naye hakulipa wala hakuacha.

Tabia hii imeenea kiasi kwamba wengi wetu hatuioni kuwa ni tabia. Katika makala haya tunaeleza inatokana na nini, inamnufaisha nani, na mlaji anaweza kuitumiaje bila kujiumiza. Tunaanza kwa kusema jambo ambalo huenda halitarajiwi kutoka kwa chombo cha kumlinda mlaji: kuhifadhi bila kununua si kosa, wala si udhaifu. Mara nyingi ni busara. Tatizo huanza pale mlaji anapodhani kwamba kitufe kile kimemlindia kitu, ilhali hakikumlindia chochote.

Kitufe kilichozaliwa mnadani

Mwaka 1995, katika jimbo la California nchini Marekani, Pierre Omidyar alianzisha tovuti ya mnada ambayo baadaye ilijulikana kwa jina la eBay. Muuzaji aliweka bidhaa, wanunuzi wakapandishiana bei kwa siku kadhaa, na muda ulipokwisha aliyetaja bei ya juu ndiye aliyechukua. Katika mazingira hayo, kufuatilia bidhaa bila kutaja bei lilikuwa jambo la maana kabisa. Mnunuzi mjanja hakujitokeza mapema akaichochea bei ipande. Aliiweka bidhaa katika orodha ya ufuatiliaji, akaitazama kwa mbali, akasubiri dakika za mwisho.

Mwaka 2000 tovuti hiyo iliongeza utaratibu wa kununua papo hapo kwa bei iliyokwisha kupangwa na muuzaji. Miaka ilivyokwenda, utaratibu huo uliushinda mnada, na leo sehemu kubwa ya biashara yake hufanyika kwa njia hiyo. Lakini kitufe cha ufuatiliaji hakikuondolewa. Kilibaki palepale, kikitumika kufuatilia kitu kisichokwenda popote, kwa maana tangazo la bei iliyopangwa hujihuisha lenyewe mwezi baada ya mwezi hadi bidhaa iuzwe au muuzaji aliondoe. Wauzaji wengi wamestaajabu kuona watu kumi au ishirini wakiifuatilia bidhaa yao kwa wiki nyingi, bei ikiwa ileile, bila hata mmoja kununua. Kwa mantiki ya mnada jambo hilo halina maana. Kwa mantiki ya mlaji lina maana nyingi.

Maduka mengine ya mtandaoni, ya ng'ambo na ya Afrika Mashariki, hayakupitia historia hiyo ya mnada, lakini karibu yote yameweka kitufe cha namna hiyo: moyo, nyota, utepe, au kikapu cha kutilia vitu. Majina yanatofautiana, kazi ni moja.

Sokoni mnunuzi huondoka ili aitwe

Msomaji aliyekulia katika masoko yetu anaujua mwendo huu bila kufundishwa. Anaingia Kariakoo, anasimama mbele ya meza ya viatu, anauliza bei. Anaambiwa elfu arobaini na tano. Anashtuka, au anajifanya kushtuka, anasema ana elfu thelathini. Muuzaji anamwambia, "Haiwezekani, dada yangu, ongeza kidogo." Mnunuzi anakirudisha kiatu mezani taratibu, anageuka, anaanza kwenda. Hatua ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kabla ya hatua ya tano sauti inamfuata nyuma: "Haya njoo, lete thelathini na tano, unifungulie biashara."

Hatua zile tano ndizo zinazoamua bei. Zinamweleza muuzaji, bila maneno, kwamba mnunuzi anaitaka bidhaa lakini si kwa bei ile. Bei isiyopungua ya mtandaoni imemnyima mnunuzi hatua hizo. Hawezi kuondoka ili aitwe, kwa sababu akiondoka hakuna anayemwona akienda. Kuhifadhi tangazo ndiyo namna pekee aliyoachiwa ya kuondoka huku akigeuza shingo. Kwa hiyo tunaposema mlaji "ameshindwa kuamua", huenda tunamwonea. Amekwisha kuamua. Ametoa bei yake, ila hakuna masikio ya kuisikia.

Tuseme pia kwamba masikio hayo yameanza kuota. Katika tovuti kadhaa, eBay ikiwamo, muuzaji anaweza kuwatumia wale waliohifadhi tangazo lake ofa ya bei ya chini ambayo watu wengine hawaioni. Ni sauti ileile ya Kariakoo inayomfuata mnunuzi mgongoni, isipokuwa sasa inapita katika arifa ya simu. Mlaji anayehifadhi bidhaa kwa nia ya kusubiri ofa hiyo hafanyi ujinga. Ila ajue kwamba muuzaji halazimiki kuituma, na wengi hawaitumi.

(Wako pia wauzaji wa mitandao ya kijamii wanaoweka picha bila bei na kumtaka mnunuzi aulize faraghani. Hao si mada yetu leo, ingawa tungefurahi kama wangeiacha tabia hiyo.)

Kibubu kisicho na fedha

Sababu ya pili, na kwa wasomaji wetu walio wengi pengine ndiyo kubwa zaidi, ni kwamba fedha haijafika. Mshahara uko mwisho wa mwezi, mavuno yako mbele, zamu ya upatu haijawadia. Zamani mtu wa hali hiyo alipita dukani kila baada ya siku chache kuhakikisha kitu bado kipo dirishani. Sasa anakihifadhi katika simu.

Tuchukue mfano. Fundi cherehani mmoja wa Mbagala (mfano tumeutunga, lakini mazingira yake hatukuyatunga) anashona kwa mashine ya kawaida. Nguo inayohitaji kufungwa kingo ili kitambaa kisifumuke huipeleka kwa jirani mwenye ovaloki, naye hulipa shilingi 500 kwa kila nguo. Siku moja anaona ovaloki mtandaoni kwa shilingi 650,000. Hana fedha hiyo. Anabonyeza moyo. Anacheza upatu na wenzake, na zamu yake itafika baada ya miezi minne. Kila jioni, akishafunga kibanda, anafungua simu na kuitazama mashine yake. Tunasema "mashine yake" kwa makusudi, kwa sababu ndivyo anavyoiita.

Orodha yake inafanya kazi ya kibubu, lakini ni kibubu kisicho na sarafu ndani. Hakuna hata shilingi iliyotengwa kwa kubonyeza. Na wakati anasubiri, kusubiri kwenyewe kunamgharimu. Akipeleka nguo sita kwa siku, siku sita kwa wiki, anamlipa jirani shilingi 18,000 kila wiki. Kwa wiki kumi na sita ni shilingi 288,000, kiasi kisicho mbali sana na nusu ya bei ya mashine. Hatumlaumu, fedha ya mkupuo haidondoki mtini. Lakini kama angeiandika hesabu hiyo kwenye karatasi siku ya kwanza, huenda angemwomba mwenzake wa upatu wabadilishane zamu, au angemuuliza muuzaji kama anapokea malipo ya awamu. Alama ya moyo haikumwonyesha hesabu hiyo. Ilimpa tu utulivu wa kudhani kwamba jambo liko njiani.

Hapo ndipo tunapoiona hatari ya kwanza ya orodha hizi. Kwa kitu cha starehe, kuahirisha ni faida: wengi hugundua baada ya wiki mbili kwamba hawakukihitaji, na fedha imebaki mfukoni. Kwa kitu cha kazi, kuahirisha ni gharama. Kitufe ni kilekile kwa vyote viwili, na mlaji asipovitenganisha mwenyewe, hakuna atakayemtenganishia.

Bei isiyopungua yaweza kuongezeka

Taasisi ya Baymard ya Denmark, inayochunguza mwenendo wa manunuzi mtandaoni, imekusanya tafiti nyingi na kukokotoa kwamba kwa wastani karibu asilimia 70 ya vikapu vinavyojazwa mtandaoni huachwa bila kulipiwa. Sababu inayotajwa mara nyingi zaidi, ukiwaweka kando wale waliokuwa wakitazama tu, ni gharama za ziada: usafirishaji, kodi na ada zinazojitokeza mwishoni. Hili halitushangazi. Mlaji huona bei ya kwanza, akaikubali moyoni, kisha akafika mwisho wa safari na kukuta bei nyingine.

Kwa fundi wetu, usafirishaji wa mashine hadi mlangoni unaongeza shilingi 35,000. Kama mashine ingetoka ng'ambo, hesabu ingekuwa nyingine kabisa. Katika Ushuru wa Pamoja wa Forodha wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, bidhaa nyingi zilizokamilika hutozwa asilimia 25, na tangu tarehe 1 Julai 2022 lipo pia daraja la asilimia 35 kwa bidhaa zilizoainishwa. Juu yake huja kodi ya ongezeko la thamani, na mara nyingi ada ya wakala wa kutoa mzigo. Tangazo linaposema bei haipungui, halikuahidi kwamba haitaongezeka.

Ndiyo maana wanunuzi wengi waliowahi kuumia huhifadhi kwanza, kisha huenda kuuliza. Wanamuuliza ndugu aliyewahi kuagiza, wanamuuliza wakala, wanamuuliza muuzaji mwenyewe. Katika kipindi hicho tangazo linakaa kwenye orodha kama deni la swali lisilojibiwa. Uingereza, kwa sheria ya mwaka 2024 kuhusu masoko ya kidijitali na walaji, imewazuia wafanyabiashara kuficha ada za lazima hadi hatua ya mwisho. Bei ya kwanza inayoonyeshwa inapaswa kuzijumuisha. Sisi tunapenda wauzaji wetu wafanye hivyo hata kabla ya kulazimishwa, kwa sababu muuzaji anayetaja gharama yote mapema ndiye anayepunguza idadi ya mioyo iliyobonyezwa bure.

Kumchungua muuzaji

Kuna hofu nyingine isiyohusu bei. Mlaji anaogopa kutuma fedha kwa simu kwa mtu asiyemjua, kwa ajili ya kitu asichokishika. Hofu hii ina msingi. Kwa hiyo anahifadhi tangazo na kulichungua kwa siku kadhaa. Muuzaji bado yupo? Anajibu maswali? Walionunua wanasema nini? Picha zile ni za bidhaa iliyo mkononi mwake, au zimechukuliwa kwingine? Tangazo la kitapeli mara nyingi halina subira. Humharakisha mtu, kisha hutoweka. Siku tatu za kuliacha kwenye orodha ni jaribio dogo ambalo halimgharimu mlaji kitu. Kwa kweli, kama tungetakiwa kutaja matumizi moja tu ya kitufe hiki ambayo tunayaunga mkono bila masharti, tungetaja hili.

Macho hayana pazia

Si kila anayehifadhi anakusudia kununua. Monika Kukar-Kinney na Angeline Close, watafiti wa masoko wa Marekani, walichapisha mwaka 2010 utafiti kuhusu watu wanaojaza vikapu mtandaoni na kuviacha. Waligundua kwamba wengi hawakuwa wameghairi, kwa sababu hawakuwa wameamua kununua tangu mwanzo. Baadhi walikitumia kikapu kama burudani. Wengine walikitumia kama daftari la kupangia na kulinganishia bidhaa. Wengine walikuwa wakisubiri bei ishuke. Wauzaji walikuwa wakihesabu mauzo yaliyopotea, ilhali mauzo hayo hayakuwahi kuwapo.

Waswahili husema macho hayana pazia. Kuzunguka madukani jioni ya sikukuu, kugusa vitambaa, kuuliza bei za vitu usivyoweza kuvinunua, ni starehe ya zamani ambayo haikuhitaji intaneti. Kuhifadhi ni sura yake mpya. Pia kuna kuhifadhi kwa ajili ya mtu mwingine: mama anayeweka kando mkoba wa shule ili mumewe auone akirudi, kijana anayehifadhi simu ili amwonyeshe mjomba. Hayo ni mazungumzo ya kifamilia yanayofanyika ndani ya duka la mtu.

Wingi wa bidhaa nao huchangia, ingawa hapa tunashauri tahadhari. Mwaka 2000 Sheena Iyengar na Mark Lepper walichapisha jaribio lililopata umaarufu. Katika duka moja la vyakula huko California waliweka meza ya kuonja jemu, mara ikiwa na aina 24, mara ikiwa na aina 6. Meza yenye aina nyingi ilivuta watu wengi zaidi, lakini walionunua baada ya kuifikia walikuwa kama asilimia 3 tu. Kwa meza ya aina sita walikuwa kama asilimia 30. Wengi walihitimisha kwamba chaguo nyingi humpooza mtu. Hata hivyo, uchambuzi wa majaribio mengi ya namna hiyo uliochapishwa mwaka 2010 ulionyesha kwamba, kwa wastani, athari hiyo ilikaribia sifuri: mahali pengine ilionekana, mahali pengine haikuonekana. Tunataja yote mawili kwa sababu jaribio la jemu husimuliwa mara nyingi bila mwisho wake. Tunachoweza kusema ni kwamba mtu aliyehifadhi feni tisa zinazofanana hajaikaribia feni kuliko aliyehifadhi mbili.

Muuzaji anaona nini

Mlaji anapobonyeza moyo hudhani yuko peke yake. Hayuko peke yake. Duka limeandika kwamba mtu huyu, wa simu hii, saa hii, alionyesha kupenda kitu hiki kwa bei hii. Taarifa hiyo ina thamani kubwa kuliko ile ya aliyepita tu, kwa maana inataja nia. Ndiyo sababu bidhaa uliyoihifadhi asubuhi inakufuata hadi katika kurasa nyingine jioni, na ndiyo sababu arifa zinaanza kumiminika.

Arifa nyingine ni za kweli na zenye msaada. Nyingine zimetungwa ili kumharakisha mtu. "Zimebaki 2." "Watu 37 wanaitazama sasa hivi." Saa inayohesabu kurudi nyuma, ambayo ukiifungua kesho inaanza upya. Turudi kwa fundi wetu. Katika mwezi wa tatu anapata ujumbe: bei imeshuka kutoka shilingi 820,000 hadi 640,000, zimebaki mbili, ofa inakwisha leo saa sita usiku. Moyo unamdunda. Akopeshwe wapi shilingi 640,000 kabla ya saa sita?

Bahati yake ni kwamba siku ya kwanza alipiga picha ya skrini ili amwonyeshe dada yake, na picha hiyo bado ipo. Inaonyesha 650,000. Huenda bei ilipandishwa kwa muda mfupi ili ishushwe kwa kishindo, au ile 820,000 haikuwahi kutozwa mtu yeyote. Vyovyote iwavyo, punguzo analopata yeye ni shilingi 10,000, wala si 180,000. Picha moja imemwokoa na mkopo wa haraka ambao riba yake ingemeza punguzo hilo mara nyingi.

Umoja wa Ulaya umelishughulikia jambo hili moja kwa moja. Tangu tarehe 28 Mei 2022, mfanyabiashara anayetangaza punguzo huko anatakiwa kuonyesha bei ya chini kabisa aliyotoza katika siku 30 zilizotangulia. Kwa upande wetu, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 ya Tanzania inakataza mwenendo wa kumpotosha mlaji, zikiwamo kauli za uongo au za kupotosha kuhusu bei. Na Sheria ya Ushindani ya Kenya ya mwaka 2010 nayo inakataza kauli za uongo kwa mlaji. Bei ya zamani iliyopigwa mstari ni kauli kuhusu bei. Ikiwa haikuwahi kuwapo, imeshapotosha.

Kitu kilichohifadhiwa ni cha nani?

Swali hili tunaulizwa mara nyingi, na jibu lake huwasikitisha wengi. Kuhifadhi tangazo hakumpi mlaji haki yoyote juu ya bidhaa wala juu ya bei. Mizizi ya jibu hilo ni ya zamani. Mwaka 1953 Mahakama ya Rufani ya Uingereza iliamua shauri lililohusu duka la dawa la Boots, ambako wateja walikuwa wameanza kujichukulia bidhaa wenyewe rafuni na kuzitia kikapuni. Ilibidi mahakama iamue ni wakati gani mauzo hufanyika. Ilisema bidhaa iliyopangwa rafuni ni mwaliko tu. Mteja ndiye anayetoa ombi la kununua anapofika kwa mpokea fedha, na mkataba hufungwa ombi hilo linapokubaliwa. Kuitia bidhaa kikapuni si kununua. Kanuni hiyo imerithiwa katika nchi zinazofuata mapokeo hayo ya sheria, zetu zikiwamo.

Kwa hiyo fundi wetu, baada ya miezi minne ya kuiita mashine "yangu", anaweza kukuta imeuzwa, au bei imepanda, au tangazo lilelile sasa lina mashine ya aina nyingine chini ya picha ileile. Katika hali mbili za kwanza hana la kudai. Katika hali ya tatu, akilipia alichokiona na kuletewa kingine, analo la kudai, na ndipo ushahidi unapohitajika.

Hapa tuna shauri moja ambalo tungependa lishikwe kuliko mengine yote katika kurasa hizi: hifadhi picha, usihifadhi kiungo peke yake. Tangazo ni mali ya muuzaji na anaweza kulibadilisha usiku ukiwa umelala. Picha ya skrini ni yako. Ipige siku ya kwanza, ionyeshe bei, maelezo ya bidhaa, jina la muuzaji na tarehe. Kama gharama za usafirishaji zimetajwa, zipige nazo. Bidhaa nyingine ziache zikae kwenye orodha zilivyo. Zile unazokusudia kuzinunua kweli, ziandikie kwenye karatasi bei yote hadi mlangoni na tarehe utakayokuwa na fedha. Utashangaa jinsi orodha ya vitu arobaini inavyokuwa ya vitu vitatu.

Arifa zinaweza kuzimwa katika mipangilio ya programu au ya simu, na kuzima hakufuti orodha. Kuhusu taarifa ambazo duka limekusanya juu yako, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ya Tanzania na sheria kama hiyo ya Kenya ya mwaka 2019 zinampa mtu haki ya kujua taarifa zake zinazoshikiliwa na ya kukataa zisitumiwe kumtangazia biashara. Ombi hufanywa kwa maandishi, kwa anwani iliyo katika sera ya faragha ya duka. Duka lisilo na anwani wala sera limekwisha kukueleza jambo la kutosha juu yake.

Na kama una shaka na bei, muulize muuzaji. Msomaji asione haya. Maneno "bei isiyopungua" mara nyingi ni kauli ya ukurasa, si ya mtu aliye nyuma yake, na wauzaji wengi wadogo huuza katika tovuti hizo huku wakiwa na meza sokoni ambako hupatana bei tangu asubuhi hadi jioni. Ujumbe mfupi wa heshima unaotaja kiasi ulicho nacho na siku utakayolipa humfaa muuzaji kuliko moyo mwingine katika idadi asiyoielewa. Ila mapatano yoyote yabaki ndani ya mfumo wa ujumbe wa duka lenyewe, na malipo yafanyike humo. Muuzaji anayekushusha bei kwa sharti kwamba utume fedha kwenye namba yake binafsi anakuondoa kwenye ulinzi wote ambao duka linautoa.

Mlaji anayetuletea lalamiko la punguzo la uongo, au la bidhaa isiyofanana na tangazo, aje na picha ya skrini ya siku aliyoliona kwa mara ya kwanza na ile ya siku aliyolipa, jina la muuzaji kama lilivyoandikwa, kiungo cha tangazo, na ujumbe wa malipo ya simu bila kuufuta. Bidhaa iliyoletwa isitupwe, na karatasi ya kifurushi isichanwe. Picha zisikatwe pembeni ili zipendeze. Ni kule pembeni, kwenye tarehe na saa, ambako uchunguzi wetu huanzia.